Mwalimu Aliyetufundisha Kuvuta Gari

Mara ya kwanza kumwona Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya barabara ya sokoni pale Mpanda, mikono ameitanua kama golikipa, mbele ya lori lililokuwa linavuta pikapu. Kati ya yale magari mawili kulikuwa na kamba ya katani iliyochakaa, na juu ya kamba kulikuwa na mtu, baiskeli yake na matenga mawili ya kuku. Mtu yule alitaka kukatiza. Aliona lori limepita, akaona pikapu bado iko nyuma, akadhani lile pengo ni lake. Kamba hakuiona kabisa. Kuku wakatawanyika. Wawili waliingia hotelini wakati watu wanakunywa chai, mmoja akaruka juu ya mizani ya muuza nyanya akatulia pale kama amekuja kupimwa.

Soko zima lilikuwa linacheka, hata mwenye kuku. Mwalimu alimwinua kwanza yule bwana, akamkung'uta vumbi magotini, halafu akamgeukia dereva wa lori.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Kitambaa gani, mzee?"

"Cha kwenye kamba. Gari likivutwa, katikati ya kamba panafungwa kitambaa, watu waone. Hiyo ni sheria."

"Mimi sina kitambaa."

Akavua tai yake. Ilikuwa nyekundu, imefifia kwenye fundo. Akaifunga katikati ya kamba kwa utulivu kama anamfunga mtoto wake siku ya kipaimara, akarudi nyuma hatua tatu kuiangalia, akaridhika. "Sasa nendeni. Polepole. Na tai yangu muirudishe."

Hapo ndipo na yeye alipocheka, na alipocheka alishika kiuno kwa mikono miwili kama mtu anayezuia suruali isianguke. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya ndoo zangu za dagaa, nikacheka mpaka mteja wangu akaenda kununua kwa jirani.

Tulimwita Mwalimu. Alifundisha udereva kwenye banda la mabati nyuma ya gereji moja, na shule yake nzima ilikuwa ubao mmoja, mabenchi mawili, kijitabu cha sheria za barabarani kisicho na jalada alichokitunza ndani ya mfuko wa nailoni, na gari moja la kijivu ambalo lilikuwa linawaka likipenda. Kwao ni wapi sijui. Wapo waliosema Mfipa, wapo waliosema Mbende, na mwenyewe ukimuuliza alikujibu kwamba yeye ni wa upande wa kushoto, kwa sababu Tanzania tunaendesha kushoto.

Lile gari la kijivu ndilo lililomfanya awe bingwa wa mambo ya kuvuta. Kila wiki lilimlalia mahali. Utalikuta Kakese, utalikuta njia ya Sitalike, boneti liko wazi, Mwalimu amesimama kando na wanafunzi wake wanne. Gari lingine likisimama kumsaidia, hakukubali hata siku moja kufungwa hivihivi tu. Somo lilianza pale pale.

"Nyie, sogeeni muone. Kamba ndefu mno, gari la nyuma linayumba barabara nzima kama mlevi. Kamba fupi mno, wa mbele akikanyaga breki mnapigana busu." Aliipima kwa hatua zake, akihesabu kwa sauti. "Na kwenye usukani wa gari linalovutwa anakaa nani?"

"Mtu yeyote," mwanafunzi mmoja alijibu siku hiyo.

"Mtu yeyote! Haya, tukuwekee mbuzi!" Akashika kiuno. "Anakaa mwenye leseni. Gari linavutwa lakini linaongozwa. Injini ikizimika breki inakuwa ngumu kama jiwe, usukani unakuwa mzito, unahitaji mtu anayejua anachofanya. Na abiria?"

Wanafunzi walikuwa wameshashika mlango wa nyuma.

"Abiria hakuna. Hata mmoja. Hata mtoto. Hata bibi yako."

Kwa hiyo wanafunzi, ambao hawakuwa na leseni, walirudi mjini kwa miguu, na Mwalimu alivutwa peke yake taratibu sana, akiwapungia mkono dirishani. Niliwahi kutembea hivyo kutoka karibu na Kakese na viatu vyangu mkononi. Nilimtukana moyoni njia nzima, halafu kesho yake nikarudi darasani.

Nilijiunga kwa sababu ya pikapu ya kaka yangu. Nilikuwa nafuata dagaa Ikola kule ziwani na kuwauza Mpanda, na kaka ndiye aliyeniendesha, ila kaka alikuwa mtu wa kulala. Dagaa wakikauka vizuri huwezi kumsubiri mtu aamke. Nilipomwambia Mwalimu nataka kujifunza, hakuniuliza mume wangu anasemaje, kama walivyoniuliza wengine wote, maana hata mume sikuwa naye bado. Aliniuliza kama nina viatu vinavyofunga nyuma.

"Malapa kwenye klachi yanaua," alisema, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa malapa.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kwenye gari alikwenda mwendo wa kinyonga, mpaka kuku walikuwa wanatupita. Lakini baiskeli yake haikuwa na breki hata moja. Alishuka nayo mteremko wa kuelekea stesheni ya treni kama jiwe lililorushwa, tai inapepea begani, anapiga kelele, "Pisha! Pisha jamani!" na kusimama alisimama kwa kukandamiza lapa kwenye tairi la mbele. Lapa la kulia kila mwezi lilikuwa jipya. Nilimuuliza siku moja: Mwalimu, sheria ya baiskeli inasemaje kuhusu breki?

Akaangalia pembeni. "Ukurasa huo ulichanika," alisema.

Hakuogopa cheo cha mtu. Siku moja mkubwa mmoja, mgeni kutoka mkoani, gari lake lilikuwa linavutwa na trekta kuingia mjini, naye amekaa kiti cha nyuma anasoma makaratasi. Mwalimu alisimamisha trekta pale Makanyagio, akamsalimia kwa heshima zote, akamwomba ashuke.

"Wewe mzee, unanijua mimi?"

"Nakujua, mheshimiwa. Ndiyo maana nataka ufike."

Dereva wa yule mkubwa alikuwa amewahi kufundishwa na Mwalimu, akateremka kumfungulia bosi wake mlango haraka kuliko alivyotakiwa. Mkubwa akataka kupanda kwenye bampa ya trekta. Mwalimu akatikisa kichwa: trekta lina kiti kimoja. Basi mheshimiwa akatembea. Akatembea mpaka mjini, tai yake na tai ya Mwalimu zikiwa sambamba, na njiani watu walimsalimia, akina mama wakamwonyesha kisima kilichokufa pampu, kijana mmoja akamweleza habari za daraja. Tuliosikia tulidhani Mwalimu atafungiwa shule. Badala yake, wiki iliyofuata mafundi walikuja kutengeneza pampu. Mwalimu alipoulizwa alisema yeye hajui habari za pampu, yeye anajua habari za kamba.

Lakini kisa ninachotaka kukisimulia hasa ni cha harusi yangu, kwa sababu pale nilimwelewa.

Mchumba wangu alikuwa Msukuma wa Majimoto. Familia yao ilihamia kule na ng'ombe, wakakuta bonde zuri, wakalima na mpunga. Tulikubaliana ndoa ifungwe kwao, baada ya Pasaka. Padri angekuwepo Majimoto asubuhi ile tu, na saa sita alikuwa lazima aondoke kwenda Mamba, kisha hatarudi mpaka mwezi mwingine. Kwa upande wa mume madume ya ng'ombe yalikuwa yameshachinjwa. Kwa hiyo habari ya kuchelewa haikuwepo.

Tuliondoka Mpanda kabla ya jua. Mbele pikapu ya kaka, imefungwa maua ya karatasi na riboni, ndani yupo kaka, mimi kwenye gauni jeupe, na shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Nyuma lori la jirani yetu, limejaa akina mama, magodoro, masufuria na Mwalimu, ambaye alialikwa kama mgeni wa heshima. Watu kupanda juu ya mzigo aliona si sawa, na alisema.

"Leo nafumba jicho moja," alimwambia dereva wa lori. "Msije mkanilazimisha kufumba yote mawili."

Tulipita Sitalike, tukapita mbugani, mbung'o wakatuuma mpaka shangazi akawa anajipiga makofi mwenyewe. Tukafika Usevya salama. Baada ya Usevya, pikapu ikakohoa mara mbili, ikazima.

Kaka akafungua boneti. Dereva wa lori akaja kuangalia. Wakagusa hiki, wakagusa kile. Saa ilikuwa inakaribia nne na nusu, na jasho lilianza kunitoka chini ya shela. Mwisho kaka akasema, "Tuivute tu. Si mbali sana."

Shangazi akafurahi. "Vuteni! Sisi tunakaa humu humu ndani."

Nikamwona Mwalimu anateremka kutoka kwenye lori. Alikuwa na kamba yake mwenyewe, alitembea nayo hata harusini. Akapima kwa hatua, akafunga, akaweka kitambaa katikati. Halafu akaja dirishani kwetu, akainama.

"Shikamoo, mama," alimwambia shangazi, ingawa nadhani walikuwa wa rika moja. "Naomba mshuke."

"Tushuke twende wapi?"

"Kwenye lori. Gari linalovutwa halina abiria."

Sijui niielezeje ile kelele ya shangazi. Ndege waliruka mpungani. "Bibi harusi apande lori? Na masufuria? Aende kwa wakwe zake kama gunia la mchele? Wewe mwanamume, umelogwa?"

"Hapana, mama."

"Kuna polisi hapa? Uko wapi huyo polisi? Nionyeshe!"

Mwalimu akaangalia huku na huku. Kulikuwa na mpunga, kulikuwa na njia ya udongo, kulikuwa na vijana wawili kwa mbali wanaochunga ng'ombe. "Polisi hayupo," alikubali. "Mteremko upo. Mteremko nao haujali kama kuna polisi."

Kaka akanong'ona, "Mwalimu, tafadhali, muda." Dereva wa lori akatazama saa yake. Wote wakanigeukia mimi.

Sitaki kujifanya jasiri. Nilikuwa na hasira naye. Nilitaka kufika kwa wakwe zangu nimekaa kwenye gari lenye maua, kama wasichana wengine. Lakini nilikuwa nimepata leseni yangu wiki tatu tu kabla, na kwenye mtihani yule ofisa aliniuliza swali hilo hilo, nikajibu bila kusita: abiria hakuna, hata mmoja. Niliona aibu kujua jibu la mtihani na kulisahau siku ya harusi. Nikafungua mlango, nikakunja gauni mpaka magotini, nikapanda lori. Akina mama walinivuta kwa mikono, wakanikalisha juu ya godoro lililokunjwa, mmoja akaanza wimbo. Shangazi alipandishwa na watu wanne, akilaani ukoo wa Mwalimu, ambao hakuna aliyeujua.

"Na usukani?" kaka aliuliza.

"Nipe mimi," Mwalimu alisema. "Wewe una usingizi."

Tukaondoka. Nilikuwa nimetazama nyuma, kwa hiyo niliona yote. Pikapu ya maua inatufuata taratibu, kitambaa kinacheza katikati ya kamba, na Mwalimu nyuma ya usukani, mgongo umenyooka, ana uso wa mtu anayesoma misa. Tukawa tunacheka sasa. Hata shangazi alianza kucheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha tukafika kwenye mteremko, na chini ya mteremko kundi la ng'ombe likaingia barabarani. Dereva wetu akakanyaga breki. Kamba ikalegea, ikashuka chini, tairi la pikapu likaikanyaga, na lori liliposogea tena ikakatika. Tuliisikia, pa! Pikapu ikawa huru. Ikaanza kushuka, na mbele yake tuko sisi, na mbele yetu ng'ombe.

Nilimwona anasimama kwenye breki, kweli kabisa, makalio yameinuka kitini, na gari halisikii. Mwanamke kando yangu akaanza kusali. Ilibaki nafasi ya nyumba moja kati yetu pale Mwalimu alipozungusha usukani kwa mikono yote miwili, mdomo wazi. Pikapu ikatoka barabarani, ikaruka tuta, ikaelea kidogo na riboni zake zote, ikatua katikati ya mpunga wa mtu. Maji yakapanda juu kama mvua inayorudi mbinguni. Ikalala ubavu, upande wa kushoto, upande tuliokuwa tumekaa mimi na shangazi.

Halafu honi ikalia. Pii. Pii pii.

Mlango wa juu ukafunguka, kikatoka kichwa cheusi cha tope, kikafuatiwa na mkono. "Mimi mzima!" alipiga kelele. "Kuna abiria humu? Hakuna!"

Shangazi alikuwa ameshashuka bila kusaidiwa na mtu. Aliingia mpungani na kitenge chake kipya, maji magotini, akamvuta Mwalimu kutoka mlangoni kama anamvua samaki, akamkumbatia, tope kwa tope, akapiga kigelegele ambacho kilisikika hadi kwa wakwe. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, nisijue kipi ni kipi. Mguu wa Mwalimu ulikuwa umeteguka, na hakusema mpaka jioni.

Wale vijana wa ng'ombe wakaja mbio. Kumbe ni wa ukoo wa mume wangu. "Mwangaluka!" wakasalimia, kana kwamba kila asubuhi huona pikapu ya maua ndani ya mpunga. Mkubwa wao akatazama gari, akatazama ng'ombe wake, akasema, "Tufunge maksai sita, wataitoa."

Wote tukamtazama Mwalimu. Akajipapasa mfukoni, akatoa kijitabu ndani ya nailoni, kikavu kabisa. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Dakika zinakwenda, padri anasubiri, na yeye anatafuta ng'ombe kwenye sheria za barabarani. Mwisho akakifunga.

"Hapa ni shambani," akatangaza. "Shambani hakuna barabara. Vuteni!"

Lori liliniingiza Majimoto saa sita kasoro, nimekaa juu ya godoro, gauni lina tope hadi kiunoni kwa sababu na mimi nilimkumbatia. Padri alikuwa ameshika mkoba wake mlangoni. Mama mkwe alinitazama kutoka juu mpaka chini, akatazama na lori, akauliza, "Na gari?"

"Linakuja na ng'ombe," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo tulipatana mimi na yeye, na sidhani ningempata hivyo kama ningefika msafi. Mwalimu alisimama kwenye misa kwa mguu mmoja, akalia wakati wa viapo kuliko mama yangu.

Miaka ikaenda. Niliendesha dagaa mwenyewe, kaka akalala kwa raha zake. Mwalimu macho yalianza kumsumbua, akafunga shule, akagawa mabenchi. Nikasikia anahamia kwa binti yake aliyeolewa kijiji cha ziwani, mahali ambapo barabara haifiki. Sikumwona muda mrefu, mpaka nilipomkuta Ikola asubuhi moja, mwishoni mwa miaka ile ya tisini, kati ya vichanja vya dagaa. Alikuwa na sanduku moja na mwavuli. Alinitambua kwa sauti.

"Bado unavaa viatu vya kufunga nyuma?"

"Bado, Mwalimu."

Boti la injini lilikuwa linajiandaa kuondoka, na nyuma yake litavuta mtumbwi mkubwa wenye mizigo na watu. Yeye aliandikiwa nafasi mtumbwini. Nikamwona anainama karibu na kamba, anaishika kwa vidole, anaifuata mpaka mwisho, na nikajua kinachokuja.

"Kamba hii ndefu mno," akamwambia nahodha, mama mmoja Mwislamu mwenye mabega mapana, aliyekuwa anamwaga maji kwa kopo. "Mtumbwi utayumba. Na mle umeweka abiria."

Yule mama hakukasirika. "Baba yangu, wewe ni wa nchi kavu?"

"Ni wa barabarani."

"Sasa sikiliza. Huku kuna wimbi. Kamba ikiwa fupi, wimbi linamwinua wa nyuma linamtupa juu ya mgongo wa yule wa mbele. Tunazama wote. Majini kamba inataka kulegea, inataka kupumua. Na mizigo peke yake bila watu wa kuegemea, mtumbwi unapinduka."

Nilingoja abishe. Nilimjua miaka yote ile na sikuwahi kumsikia akisema hajui habari za kamba. Alisimama pale, maji yanamlowesha malapa, akatazama kamba, akatazama ziwa ambalo nadhani aliliona kama ukungu tu. Uso wake ukafunguka polepole.

"Huku ni kinyume!" akasema. "Kila kitu ni kinyume!" Akashika kiuno, akacheka, akacheka mpaka vijana wakamshika asianguke majini. "Mama, mimi sijui kitu hapa. Sijui hata kimoja. Nifundishe."

"Panda kwanza," yule mama akamwambia.

Akapanda. Nikampa sanduku, nikampa na mfuko wa dagaa. Boti likawaka, kamba ikainuka majini ikidondosha matone, na mtumbwi ukaondoka ufukweni. Nilitaka kumwita nimshukuru kwa ile asubuhi ya mpungani, maana sikuwahi kumshukuru sawasawa. Lakini hakuwa ananiangalia. Alikuwa ameketi mbele kabisa ya mtumbwi, magoti pamoja kama mtoto wa darasa la kwanza, mkono mmoja ameunyoosha juu, anasubiri nahodha ageuke ili aulize swali.